Nililala Juu ya Dungu, Ndege Wakala Mpunga wa Harusi Yangu

Shangazi Tumwagile, shikamoo. Gazeti lenu huwa linanifikia limeshachelewa, mara nyingi limefungiwa vitumbua, na kusoma kwenyewe nasoma polepole maana shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea mahali naomba unielewe hivyo hivyo. Naomba msaada wako kabla mpunga haujavunwa huku. Shida yangu ukiisikia unaweza kucheka lakini imeshaniharibia, shida yangu ni kwamba usiku silali, na kwa sababu silali nimefanya kitu ambacho sijui nitakisemaje mbele ya watu.

Mimi naitwa Ditram, nimezaliwa hapa hapa Kilosa, babu yangu alikuja kukata mkonge akabakia na sisi tukabakia. Nilipopata akili nikaenda Mikumi kutafuta maisha, kazi niliyopata ni kulinda malori kwenye pakingi ya barabara kuu, pale yanapolala magari ya Zambia na ya Kongo. Mi sio muongeaji Shangazi, hata kwetu wananijua, ila naangalia sana, na ile kazi inataka mtu wa hivyo, nilikuwa nikipita tu najua turubai hili limeguswa na hili halijaguswa. Usiku nalinda, mchana nalala kwenye chumba kilichogusana na pakingi, madereva wanapasha injini moto, utingo wanagombana, mafundi wanagonga vyuma, na mimi humo ndani nalala mpaka nakoroma. Miaka yote hiyo nilidhani mimi ni mtu mwenye usingizi mzuri.

Sesilia nilimpata hapo. Alikuja kumsaidia shangazi yake kupika chai na chapati mbele ya pakingi, mimi nikitoka zamu napita kukaa kwenye benchi lao, siongei, naagiza chai naishika. Yeye ndo alianza. Siku hiyo akaja kusimama na kitambaa chake begani, akasema, "Kaka, kila siku unanunua chai huinywi, unaiangalia tu. Ina nini hiyo chai?" Wateja wote wakacheka, mimi nikainywa yote ikiwa ya moto ulimi ukaungua. Basi ndo ikawa mwanzo, na nikaona huyu ndiye.

Sasa kwao ni Kisanga, na kwao mwenye neno ni mjomba, yani kaka yake mama, anaitwa Bonifas. Nilipotuma ujumbe wa kutaka kuleta barua ya uchumba mjomba akasema yeye hapokei barua ya mtu anayemjua kwa simu, kama kijana anamtaka binti aje akae msimu mmoja alime na sisi tumwone mikono yake, ndivyo walivyopokelewa wakwe wote wa ukoo huo. Nikaaga kwa bosi wangu Hezekia nikaenda. Wakanipa chumba cha nje kwa mjomba, na mama yake Sesilia, Mama Generoza, anayekaa ua huo huo, akanionyesha jaruba moja karibu na mto, akaniambia mpunga wa hapa hauuzwi na wala hauliwi nyumbani, huu ni wa harusi yenu, wageni watakula huu. Nilifurahi Shangazi, siku hiyo hiyo nikaingia kwenye tope.

Wakati wa kulima na kupandikiza sikuwa na shida, nilikuwa nachoka, nikila tu naanguka najikuta asubuhi, nikajua mwili umeshasahau Mikumi. Kumbe bado. Mpunga ulipoanza kuweka maziwa wakaja kwelea kwelea, na huku kwetu ndege wakianza lazima mtu akae juu ya dungu, lile jukwaa la miti, kuanzia kabla jua halijatoka mpaka linazama, ana kombeo na udongo wa kufinyanga, anavuta kamba zenye makopo, anapiga kelele, ndo tunaita kuamia ndege. Mjomba akasema kazi ya kuamia jaruba la mtoni ni ya mkwe peke yake. Nikasema sawa, mimi mlinzi bwana, ndege nao watanishinda?

Kuamia hakuchoshi mwili kama kulima, ni kukaa. Ndege wanakuja asubuhi na jioni, mchana jua likiwa kali wanatulia, na mimi mchana ule ndo mwili wangu unaikumbuka Mikumi, nalala pale juu toka ndege wanapotulia mpaka wanaporudi. Usiku nikiingia chumbani macho makavu. Halafu huku kimya Shangazi, kimya kinachoongea, vyura wanaita wananyamaza, mbwa wa mbali, naanza kusikiliza kila kitu kama bado nipo kwenye zamu. Nikawa nachukua simu naangalia video za mpira na vichekesho mpaka chaji inaisha. Asubuhi kichwa kizito, nikaanza kunywa eneji, zile soda za kuondoa usingizi, kwanza moja ya asubuhi, halafu na ya saa tisa ndege wakirudi, halafu na nyingine jioni ili nikae na wenyeji baraza bila kusinzia maana naona aibu mkwe kusinzia mbele ya wazee. Usiku ndo ikawa mbaya kabisa, moyo unadunda kama nimekimbizwa. Mtu wa duka la dawa nilipomwambia sipati usingizi akanipa piritoni, nikimeza moja hainifanyi kitu, nikawa nameza mbili, tatu.

Na kuna jambo jingine naona aibu hata kuliandika. Nikiwa Mikumi nilishawahi kurekodi kwenye simu lori likiwa limesimama linanguruma, nilirekodi bila sababu tu. Sasa hapa Kisanga nikagundua nikiweka spika za masikioni nikasikiliza lile lori, nasinzia. Ndo ikawa dawa yangu.

Kwenye dungu la pili anakaa Frank, anaamia jaruba la kwao, ana maneno yule. Huko tunatupiana maneno toka dungu mpaka dungu, ndo inavyosogeza siku. Akiniona nimeinama anapiga mluzi halafu anapaza sauti, "Mkwe wa Mikumi, ndege wako wanauliza chai tayari?" Mimi nacheka sijibu. Sasa asubuhi yenyewe niliyoharibu Frank hakuwepo, alikuwa ameenda kijiji cha pili msibani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala hata kidogo, alfajiri nikaona bora nimeze piritoni nipate japo kidogo, nikameza, na kabla haijanichukua muda wa dungu ukafika, nikaenda nayo mwilini. Nikapanda, nikakaa, nikaweka lori masikioni nitulize kichwa kidogo tu. Shangazi, nililala. Nililala vizuri kuliko siku zote nilizokaa Kisanga.

Niliposhtuka Sesilia alikuwa amechuchumaa mbele yangu, ameleta uji, waya mmoja ameutoa kwenye sikio langu ameuweka kwenye lake. Nadhani alijua kuna mwanamke. Alisikiliza weee, halafu akaniuliza taratibu, "Ditram, hili ni lori?"

Nikasema ndiyo.

Akasema, "Mpunga wote unaliwa, wewe unasikiliza lori."

Nikageuka nikaangalia. Ndege walikuwa wanainuka kama moshi, wanahama kutoka kona moja wanatua kona nyingine, na walikotoka mashuke yamesimama matupu, maziwa yote wameyakamua. Nikaona Mama Generoza anakuja anachechemea kwenye tuta, ana goti bovu, anapiga makofi na kupiga kelele za kufukuza. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli pale, nafasi ilikuwepo, naikumbuka kabisa. Alipofika chini ya dungu akauliza kulikoni baba, na mimi mdomo wangu ukasema mama nina homa, imenishika toka usiku.

Sesilia akaninyooshea mkono akanishika shingo. Sina joto hata kidogo, ni baridi ya asubuhi tu. Akaniangalia. Halafu akamwambia mama yake, "Ana joto kweli, mama."

Mama akasema, "Pole mwanangu, ungesema mapema. Shuka ukalale, mpunga unapandwa tena." Akachukua kombeo mkononi kwangu, akaanza kupanda ngazi na goti lake lile.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anaamia kilichobaki. Mimi wakanilaza. Wakataka kunipeleka zahanati nipimwe nikakataa, nikasema mwarobaini unatosha, maana kipimo kingesema. Akawa ananichemshia mwarobaini jioni baada ya kushuka kwenye dungu, mimi naunywa wote mchungu ule nikijua siumwi. Kabla hakujapambazuka namsikia anafunga goti kwa kipande cha kanga, anaguna, anatoka. Na mimi macho yangu makavu, sijalala, ningeweza kuwa nimeshafika kule kabla yake. Frank sasa hivi hata haongei, utani ule umekwisha, mtu huwezi kumtania mama mzee.

Siku nilipoamka kitandani nikadhani yameisha, ila mama amekataa nisirudi kwenye dungu, anasema bado sijapona vizuri. Hayajaisha. Mjomba amesema mpunga ukivunwa watakaa kikao, waangalie uchumba huu unaendelea au la, kwa sababu watu wanasema mkwe anavuta bangi, wengine wanasema ni mlevi wa kificho. Mama Generoza ananitetea, na anavyonitetea ndo inaniumiza zaidi, maana anasema kijana alikuwa mgonjwa na homa yenyewe si ya bure, kuna mtu ameliangalia lile jaruba vibaya. Anamshuku jirani yake Mama Yunis kwa sababu aliwahi kuusifia mpunga ule. Wamelima pamoja toka wasichana, sasa salamu yake haitikii. Nilimwona Mama Yunis amesimama njiani na ndoo kichwani baada ya kunyimwa salamu, amesimama tu, anafikiria amefanya nini. Mimi niko pembeni najua, nimenyamaza.

Sesilia hajanisema kwa mtu. Ila amekuwa hanitazami, anaweka chakula anageuka. Nilimfuata mtoni nikamwambia nisamehe, akawa anasugua sufuria, akasema, "Mimi nimekubeba mara moja. Mara ya pili usinitafute."

Sasa Hezekia amenipigia, anasema nafasi yangu ya usiku bado ipo, na nikiwaza chumba kile cha Mikumi na usingizi ule natamani niondoke bila kuaga. Begi nimeshalifunga lipo chini ya kitanda. Wakati huo huo naona nikiondoka hivyo nimemwacha mama wa watu juu ya dungu na jirani yake ana kesi asiyoijua. Ningejua ningesema siku ya kwanza tu kwamba mama mimi silali. Ni neno dogo hilo, sijui kwa nini lilinishinda.

Naomba unijibu mawili Shangazi. La kwanza, nitumie dawa gani nilale usiku kama watu wengine, au ni kweli nimefanyiwa kitu. La pili, niseme au niondoke. Barua hii namkabidhi kondakta wa basi la Morogoro, ameniahidi ataifikisha.

Mimi Ditram, Kisanga, Kilosa.

SHANGAZI TUMWAGILE ANAJIBU

Marahaba, Ditram. Jina lako nimelibadilisha, na ya wenzako wote, pamoja na kijiji, kwa hiyo Frank hata akifungiwa vitumbua na gazeti hili hatajua ni wewe. Barua yako nimeiweka mbele ya nyingine kwa sababu umesema mpunga haujavunwa, maana yake bado una siku za kufanya jambo la maana.

Pole. Nakupa pole hiyo moja kwa sababu mtu asiyelala huwa hajielewi, anaamua vibaya, anasema asichotaka kusema, na wanaomzunguka wanamwona mvivu. Umeteseka kweli. Pole imeishia hapo.

Hujafanyiwa kitu na mtu yeyote. Uliyoyafanya umeyaandika wewe mwenyewe kwa mkono wako, moja baada ya jingine, nami nilikuwa nayasoma nikitikisa kichwa. Umelala mchana kutwa juu ya dungu, halafu usiku unashangaa usingizi umekwenda wapi. Umeshautumia. Umekunywa eneji asubuhi, alasiri na jioni, halafu unauliza moyo unadundia nini. Kile kinywaji cha alasiri bado kinakuwa mwilini wakati unapanda kitandani. Ukaongezea simu, mwanga machoni na vichekesho kichwani, kisha juu ya yote hayo piritoni, ambayo ni dawa ya mafua na ya kuwashwa, kule kusinzisha kwake ni athari tu, na athari hiyo inaendelea mpaka mchana. Ulimeza alfajiri ukaenda kazini. Lini ulitegemea ikulaze, Jumapili? Aliyekuuzia bila kukuuliza maswali naye ana lake, lakini hakukwambia umeze tatu.

Miaka mingi Mikumi uliufundisha mwili wako kwamba giza ni kazi na mchana ni kulala, na kwamba ngurumo ya lori maana yake hakuna hatari, lala. Mwili wako haujakukosea. Unafanya ulichoufundisha. Basi ufundishe upya, na hilo halina kidonge.

Anzia asubuhi, usianzie usiku. Amka saa ile ile kila siku, hata kama usiku hukupata kitu, hata Jumapili. Toka nje jua likugonge usoni. Kwa mtu anayeamia ndege hilo si gumu, wewe jua unalipata kabla ya wengine, tatizo lako ulikuwa unalipata ukiwa umelala. Mchana ndege wakitulia unaweza kujinyoosha kidogo, lakini kidogo, na umwombe Frank akupigie ule mluzi wake akuamshe. Anapenda kelele, mpe kazi. Ukiona usiku bado mgumu, acha hata huko kujinyoosha, shuka uzunguke jaruba, tengeneza kamba, finyanga udongo wa kombeo. Ulipokuwa unalima na kupandikiza ulilala vizuri, na sababu umeitaja mwenyewe, mwili ulikuwa umechoka. Basi uchoshe.

Eneji acha. Sikwambii punguza, kwa sababu ulianza na moja. Siku za mwanzo kichwa kitauma na utakuwa na hasira, vumilia, kunywa maji. Chai ya asubuhi haina neno, ya jioni iache. Piritoni zilizobaki usizimeze tena kwa ajili ya usingizi. Chakula cha usiku kula mapema na wenyeji, usilale na mlima wa ugali tumboni. Oga kabla ya kulala. Na simu, Ditram, simu isiingie chumbani. Umesema unakaa kwa Mjomba Bonifas, basi mwachie yeye aitunze mpaka asubuhi. Najua unaona aibu, lakini mjomba anayeshuku mkwe wake ni mlevi atajifunza kitu akiona mkwe anamletea simu kila jioni na kwenda kulala.

Utaniuliza, na lori je? Sikucheki. Kuna watu hawalali bila redio, kuna wanaotaka feni hata wakati wa baridi. Kosa lako lilikuwa kuliweka masikioni ukiwa kazini. Usiku, wiki ya kwanza, kama huwezi kabisa, mwombe mjomba simu iwe nje ya mlango wako, sauti ndogo, uwe unaipunguza kila usiku mpaka usiisikie. Vyura utawazoea. Walioko Kisanga wanalala nao toka wazaliwe, na wakihamia Mikumi malori yako ndiyo yanawakosesha usingizi.

Na ukilala usingizi usipokuja, usibaki pale unapambana nao huku unasikiliza mbwa. Inuka. Kaa kwenye kiti, pukuchua mahindi ya mwenye nyumba bila taa kali, mpaka macho yawe mazito, ndipo urudi kitandani. Kitanda kiwe cha kulala tu. Zile siku ulizolala pale ukiigiza ugonjwa zilikiharibu zaidi. Usitegemee muujiza kwa usiku mmoja wala kwa wiki. Kama ukifanya haya yote kwa uaminifu hadi mwezi uishe na bado hulali, au ukiambiwa ukilala unakabwa pumzi, nenda zahanati ukaonane na mganga wa pale, na safari hii umwambie ukweli kuhusu vile vidonge.

Sasa la pili, ambalo umelificha nyuma ya la kwanza.

Uliandika kwamba kutolala ndiko kumekuharibia. Ndege walikula sehemu ya mpunga. Mpunga ungesameheka asubuhi ile ile, mama mwenyewe alikwambia unapandwa tena. Kilichoharibika kiliharibika baada ya hapo. Mama mwenye goti bovu yuko juu ya dungu kwa sababu ya neno lako. Mama Yunis ananyimwa salamu na rafiki yake wa usichanani kwa sababu ya neno lako. Binti aliyetaka kuolewa na wewe amemdanganya mama yake mzazi, uso kwa uso, kwa ajili yako, na wewe bado unafunga begi. Nilipofika kwenye lile begi niliweka barua chini nikaenda kunywa maji.

Unasema si muongeaji. Sikuombi uwe muongeaji. Neno lenyewe umeshalipata, umeliandika, "mama mimi silali." Watu wengi wananiandikia kurasa na kurasa hawajapata neno kama hilo.

Begi lifungue leo. Kurudi Mikumi si dhambi, ulinzi ni kazi halali na wapo wanaoifanya miaka na ndoa zao zimesimama, ila uchague ukiwa umeaga, na uchague pamoja na Sesilia kama bado atataka kuchagua na wewe. Huko ukienda hivi utalala, sikatai. Utalala kwa ngurumo ile ile huku mama wa watu anapandishwa ngazi na uongo wako.

Usisubiri kikao. Kikaoni kila mtu atakuwa amekuja na lake, na wewe ukisimama mbele ya wazee utanyamaza, tunajuana. Nenda kwa Mama Generoza peke yake, kesho, kule kule shambani. Ufike wewe kwanza, uwe umeshapanda, ndege wa kwanza wakukute. Akija na goti lake usimwache apande. Shuka, mkalishe kwenye tuta, wewe kaa chini yake, umwambie. Mwambie hulali, toka lini, na ulimeza nini. Mwambie hukuwa na homa. Mwambie Mama Yunis hahusiki na chochote, na uombe mwende wote wawili kumsalimia siku hiyo hiyo, kabla hajapata muda wa kuahirisha. La Sesilia usiliguse. Kama alisema uongo kwa ajili yako ni yeye wa kulisema kwa mama yake siku anayotaka, usimfanye ngao mara ya pili. Jioni nenda kwa mjomba useme maneno yale yale, usiyapambe.

Usiahidi kurudisha mpunga. Hauwezi kurudi msimu huu na wao ni wakulima, wanajua. Omba kitu kimoja tu, uachiwe jaruba lile mpaka livunwe, na ulivune.

Siwezi kukuahidi kwamba watakupa binti. Wanaweza wakasema rudi kwenu, na Sesilia naye anaweza akasema hapana, na akisema hapana usimfuate mtoni. Utakuwa umepoteza mke mwema kwa sababu ya aibu, na utaijutia muda mrefu, nami sitakudanganya kwamba hutaijutia. Lakini goti lile litakuwa limepumzika, na wanawake wawili watakuwa wanasalimiana.

Mama akikuuliza kwa nini hukusema mapema, usijitetee, usianze habari za Mikumi. Mwambie uliona aibu mkwe kukosa usingizi kama mtoto mchanga. Halafu nyamaza. Amelea, amekaa macho na watoto wake, la kukujibu atalipata yeye mwenyewe.

Shangazi Tumwagile